Mgongo, maziwa na TB: jinsi ya kutambua na kutibu araknoiditisi Isiolo

Katika kaunti ya Isiolo, mfugaji akilalamika kiuno kisichopoa, homa za jioni na uchovu, jibu linalomjia kwanza mhudumu, jirani na hata mgonjwa mwenyewe ni brusela. Jibu hilo lina msingi. Watu hunywa maziwa mabichi ya ngamia na mbuzi, huzalisha mifugo kwa mikono mitupu, na ugonjwa wenyewe upo. Lakini wapo wagonjwa wanaopewa vidonge vya brusela mara mbili, mara tatu, na kila mara maumivu yanapungua kidogo kisha yanarudi, mpaka siku miguu inapoanza kuwaka moto, goti linapolegea na mkojo unapokataa kutoka. Baadhi yao, wakifika hatimaye kwenye mashine ya MRI, hurudi na ripoti yenye jina ambalo hakuna aliyewahi kuwatajia: araknoiditisi.

Uti wa mgongo umevikwa tando tatu. Wa nje ni mgumu, wa ndani umeng'ang'ania uti wenyewe, na wa kati, araknoidi, ni mwembamba mno, na chini yake ndimo yanamopita maji ya uti wa mgongo. Kwa mtu mzima uti huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini kunabaki mizizi ya neva tu, ikielea ndani ya maji kama tambi kwenye mchuzi mwepesi, kila mmoja ukielekea mguuni, kwenye kibofu au kwenye njia ya haja kubwa. Araknoidi ikivimba kwa muda mrefu, mwili hujenga makovu. Mizizi hushikana yenyewe kwa yenyewe, au hunasa kwenye ukuta wa mfuko wake, na damu na maji havifiki tena inavyotakiwa. Neva iliyonaswa haifi mara moja. Huendelea kupeleka taarifa za uongo kwenye ubongo: moto pasipo na moto, umeme, baridi kali, wadudu wanaotambaa ndani ya ngozi.

Kovu hilo likishakomaa hakuna dawa ya kulifuta. Ndiyo maana swali la lini ugonjwa umekamatwa ni zito kuliko swali la umekamatwa kwa mashine gani. Na hapa naweka wazi msimamo wangu: kwa Isiolo, araknoiditisi isitazamwe kama ugonjwa adimu wa kusubiri picha ya Nairobi. Kwa sehemu kubwa ni mkia wa maambukizi ambayo kaunti hii inayatibu kila siku, na pa kuukatia ni zahanati.

Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya na Marekani havianzi na maambukizi. Vinaanza na mikono ya madaktari, na kwao hiyo ni haki. Mwaka 1944 ilianza kutumika Marekani rangi ya mafuta iliyoitwa Pantopaque, na Uingereza ikauzwa kwa jina la Myodil. Ilidungwa kwenye maji ya mgongo ili mizizi ya neva ionekane kwenye eksirei. Mafuta hayo hayakuyeyuka. Kwa watu wengi yalibaki mgongoni miaka mingi, na baadhi yao wakapata makovu. Matumizi yake yalikoma mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati picha za CT na MRI zilipokuwa zimeshaleta njia nyingine. Upasuaji wa mgongo unaorudiwarudiwa ni sababu nyingine inayotajwa sana huko.

Kisha ipo sindano ya ganzi, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndiyo inayozungumzwa zaidi na kina mama wa Kenya. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji akiumwa mgongo miaka mitatu baadaye, lawama huiendea ile sindano. Hofu hii haikutoka hewani. Tarehe 13 Oktoba 1947, katika hospitali ya Chesterfield nchini Uingereza, wanaume wawili, Woolley na Roe, walichomwa sindano ya mgongo siku moja kwa ajili ya upasuaji mdogo, na wote wawili wakapooza miguu. Kesi yao ilifika mahakama ya rufaa mwaka 1954, nao wakashindwa. Mahakama ilikubali maelezo kwamba dawa ya kuua vijidudu ilipenya ndani ya vichupa kupitia nyufa zisizoonekana, jambo ambalo mwaka 1947 hakuna aliyelijua. Watafiti wa baadaye wamefikiria zaidi tindikali iliyobaki kwenye chombo cha kuchemshia sindano. Mwaka 2012, Marekani, steroidi ya kudungwa mgongoni iliyochafuliwa na kuvu kutoka kiwanda kimoja cha dawa iliwaambukiza watu zaidi ya 750 na kuua zaidi ya 60, na miongoni mwa walionusurika wapo walioachwa na araknoiditisi.

Visa hivi viwili vya sindano vinafanana kwa jambo moja: kilichodhuru ni uchafu ulioingia pamoja na dawa. Ganzi yenyewe, ikiwa safi na ya kipimo sahihi, huleta araknoiditisi kwa nadra sana, na kwa mama anayehitaji upasuaji wa kujifungua ni salama kuliko kulazwa usingizi kabisa. Kinachotakiwa chumba cha upasuaji ni nidhamu: kuacha dawa ya kusafishia ngozi ikauke kabisa kabla ya kuchoma, kuiweka mbali na trei ya sindano, na kusoma kila kichupa kwa sauti. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu vichupa vya tranexamic acid, dawa ya kuzuia damu, vinavyochukuliwa kimakosa badala ya dawa ya ganzi na kudungwa mgongoni. Kosa hilo huua. Ama mama ambaye mgongo unamuuma kwa kubeba mtoto na mitungi ya maji, miguu yake ina nguvu na mkojo hauna shida, kwa kawaida hana araknoiditisi, na aambiwe hivyo waziwazi ili aache kuishi na hofu.

Sasa turudi kaskazini. Kenya imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa TB, na Isiolo imekuwa ikitajwa miongoni mwa kaunti zinazosajili wagonjwa wengi ukilinganisha na idadi ya wakazi wake. Watu huijua TB ya mapafu. Wachache hufikiri kwamba vijidudu hivyohivyo vinaweza kuingia kwenye pingili na kuzila hadi mgongo ukapinda kibyongo, au kuingia kwenye tando za ubongo na kushuka na maji mpaka kwenye mizizi ya kiunoni. Hapo ndipo araknoiditisi ya TB inapozaliwa. Mgonjwa huanza na maumivu yanayozunguka kiuno na kushuka mguuni, kisha katika wiki chache miguu inalegea, mara nyingi mmoja ukiutangulia mwingine, nyundo ya daktari ikigonga goti halirushi teke, na kibofu kinagoma. Jambo linalochanganya wengi ni kwamba hali hii inaweza kujitokeza mgonjwa akiwa tayari anameza dawa za TB na anaendelea vizuri. Kinga ya mwili inapopata nguvu hushambulia mabaki ya vijidudu na kuzidisha uvimbe. Ndugu husema dawa zimemharibu, na dawa zinaachwa. Kosa lisilosameheka ndilo hilo, maana dawa hazikukosea kitu.

Brusela nayo ina njia yake. Hupenda pingili za kiuno, huku TB ikipenda zaidi za kifuani, na mara nyingi huanza kwenye kona ya juu ya mbele ya pingili bila kuvunja umbo lake. Mara chache huingia kwenye maji ya uti wa mgongo na kuacha makovu yaleyale. Maziwa ya ngamia ya Isiolo husafiri kila siku kwa mabasi hadi Eastleigh, Nairobi, biashara iliyojengwa na wanawake wa mjini hapa, wengine wakiwa wamejiunga katika ushirika wa Anolei. Kibuyu kilichofukizwa moshi hupa maziwa ladha na kuchelewesha kuchacha, lakini moshi huo hauui brusela iliyo ndani ya maziwa. Moto wa kuchemshia ndio unaoiua.

Tatizo ni kipimo. Kwa miaka mingi vituo vya afya nchini vimetumia kipimo cha haraka cha tone la damu kwenye kigae. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Busia, magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba kipimo hicho kiliwatangaza karibu mgonjwa mmoja kati ya watano kuwa na brusela, ilhali kwa kipimo cha Rose Bengal hawakufika hata mmoja kati ya mia. Isiolo si Busia, na hapa brusela ni nyingi zaidi, kwa hiyo jibu la "ipo" lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Hata hivyo, mtu aliyelelewa zizini anaweza kuwa na alama za brusela ya zamani kwenye damu huku kinachomuumiza leo ni kitu kingine.

Na hapa ndipo penye mtego ambao, kwa maoni yangu, ungestahili bango kwenye ukuta wa kila zahanati ya Merti na Garbatulla. Brusela hutibiwa kwa doxycycline kwa wiki 6, ikichanganywa na rifampicin, au na sindano za streptomycin au gentamicin. Rifampicin ni nguzo ya tiba ya TB. Streptomycin ndiyo dawa ya kwanza kabisa iliyowahi kuiua TB mwilini. Mgonjwa mwenye TB ya mgongo akipewa dawa za brusela, ataona nafuu. Atasifu dawa. Daktari ataandika kwamba brusela imethibitika, maana dawa imefanya kazi. Baada ya miezi miwili maumivu yatarudi, yakiwa na vijidudu vilivyoonja rifampicin peke yake na huenda vimeshajifunza kuishinda. Nafuu ya muda kwa dawa za brusela haithibitishi brusela. Mgonjwa wa mgongo anayerudi mara ya pili apimwe TB kabla ya kufunguliwa pakiti nyingine.

Kumpima kunaanza bila mashine kubwa. Maswali kwanza: umepungua mwili, unatoka jasho usiku, kuna mtu nyumbani aliyewahi kumeza dawa za TB, umewahi kupigwa risasi au kuanguka na pikipiki? Swali hilo la risasi si la mzaha katika eneo lenye historia ndefu ya wizi wa mifugo, kwa sababu damu iliyomwagika ndani ya tando za mgongo nayo huacha makovu. Kisha mgonjwa avuliwe shati. Daktari aguse pingili moja moja, atafute kibyongo. Huenda akakuta alama za chuma cha moto, maana kuchoma ngozi ni tiba ya jadi ya maumivu kwa Wasomali na Waborana. Alama hizo humwambia kitu cha maana: maumivu yameanza zamani, na yalikuwa makali kiasi cha mtu kukubali kuchomwa. Halafu amtembeze kwa visigino na kwa vidole, apime hisia za mapaja ya ndani na sehemu za kukalia, amuulize kuhusu mkojo bila haya. Kipimo cha HIV, eksirei ya kifua na ya mgongo, na makohozi kwenye mashine ya GeneXpert vinafuata.

Kuna kitu kimoja kidogo kinachowakosesha hata wazoefu. Mgonjwa wa TB anayesema nyayo zinawaka anaweza kuwa hana araknoiditisi kabisa. Isoniazid, mojawapo ya dawa anazomeza, humaliza vitamini B6 mwilini na kuchoma ncha za neva, nyayo zote mbili kwa usawa, kuanzia vidoleni. Tiba yake ni kidonge cha pyridoxine. Moto wa araknoiditisi kwa kawaida hufuata njia ya mzizi: unaanza kiunoni au kwenye tako, unashuka upande mmoja zaidi ya mwingine, na huzidi mtu anapokaa.

Maji ya mgongo husaidia sana TB au brusela inaposhukiwa kwenye tando. Lakini mgonjwa ambaye miguu imeanza kulegea apigwe picha kwanza, kwa sababu kutoa maji chini ya mahali palipobanwa kunaweza kumpoozesha ghafla. Maji yenye protini nyingi, sukari kidogo na chembe za limfu huelekeza kwenye TB. Pengine hutoka ya manjano na kuganda ndani ya kichupa, dalili kwamba njia imezibwa juu. GeneXpert ikisema haikuona kitu kwenye maji hayo, TB bado haijaondolewa kwenye orodha, maana vijidudu humo huwa vichache mno.

Na MRI? Ndiyo inayothibitisha, na mara nyingi humaanisha safari ya karibu kilomita 280 hadi Nairobi, mbali na zaidi ya 200 ambazo mtu wa Merti ameshasafiri kufika Isiolo mjini. Kwa sababu ni ghali na ni mbali, iandikwe vizuri mara ya kwanza. Fomu iliyoandikwa "maumivu ya kiuno" huleta picha ya kiuno tu na ripoti ya diski iliyotokeza, kitu ambacho nusu ya watu wazima wanacho bila kuumwa. Fomu iseme: inashukiwa araknoiditisi, TB au brusela, mgongo mzima, pamoja na dawa ya kung'arisha. Kwenye picha ya kukata mgongo kwa upana, maji huonekana meupe na mizizi huonekana kama nukta nyeusi zilizotawanyika. Kwenye araknoiditisi nukta hizo zimerundikana katikati, au zimegandamana na ukuta hadi mfuko unaonekana mtupu, au mfuko mzima umejaa kitu kimoja kisichopenyeka. Mgawanyo huo wa aina tatu ulielezwa mwaka 1990 na bado unatumika. Usidhani aina ya picha inapima maumivu, kwa kuwa wapo wenye picha ya kutisha wanaotembea, na wenye picha ya wastani wasiolala usiku.

Tiba ina sehemu mbili ambazo zisichanganywe. Ya kwanza ni kuzima moto kabla haujaacha kovu. Kwa TB ya tando au ya mifupa, utaratibu wa Kenya ni miezi 12: miwili ya dawa nne, kisha kumi ya rifampicin na isoniazid. Dawa hizi hutolewa bure vituo vya umma. Steroidi huongezwa kwenye TB ya tando. Utafiti wa Vietnam wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba dexamethasone hupunguza vifo, ingawa kwa wenye HIV utafiti wa 2023 haukuona faida ya wazi. Brusela ya mgongo inataka angalau miezi 3, na ikiingia kwenye tando huongezwa ceftriaxone.

Miezi 12 kwa familia inayohama na ngamia ni mingi, na hapa kaskazini tuna somo la nyumbani ambalo dunia ililichukua. Miaka ya 1970, Wajir, Annalena Tonelli wa Italia aliwakusanya wagonjwa wa kuhamahama kwenye manyatta ya TB, wakajenga vibanda vyao karibu na tiba na kumeza dawa mbele ya macho ya mtu. Wakati huohuo, majaribio ya Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza yalikuwa yakionyesha kwamba rifampicin inaweza kufupisha tiba ya mapafu hadi miezi 6. Kaunti ikitaka kupunguza waliopooza, njia rahisi zaidi ni kurudisha wazo la manyatta kwa wagonjwa wa TB ya mgongo, wakati wa kiangazi hasa. Wakati wa Ramadhani, dozi ya siku inaweza kuhamia daku, kabla ya chakula. Hakuna sababu ya kuiruka.

Sehemu ya pili ni kuishi na kovu. Maumivu ya neva hayasikii diclofenac, na sindano za kila wiki za kemisti huishia kuumiza figo na tumbo. Amitriptyline, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ikianzwa kidogo usiku na kupandishwa taratibu, huwasaidia wengi. Gabapentin au pregabalin hufuata. Tramadol itumike kwa uangalifu, na si juu ya amitriptyline bila daktari kujua, kwa sababu zikiwa pamoja huongeza hatari ya degedege. Sindano za steroidi za mgongoni, ambazo baadhi ya kliniki huziuza kama suluhisho, sizipendekezi kwa mgongo ambao tayari una makovu. Upasuaji wa kuyakwangua makovu hayo kwa kawaida hurudisha mengine, na mabaya zaidi. Huko Ulaya na Marekani hupandikizwa kifaa cha umeme cha kutuliza uti wa mgongo, lakini tusimpe mgonjwa wa Isiolo ahadi ya kitu ambacho hatakipata.

Atakachopata, na ambacho huokoa maisha kuliko vidonge, ni uangalizi wa kila siku. Asiyeweza kukojoa vizuri afundishwe kujipitishia mpira wa mkojo mwenyewe, kwa usafi, mara kadhaa kwa siku. Mpira wa kudumu ulioachwa miezi huleta maambukizi na mwishowe figo hufa. Asiyehisi makalio ageuzwe kila baada ya saa mbili, maana kidonda cha kulala kikifika mfupani huua polepole. Mazoezi ya kunyoosha miguu yafanywe nyumbani kila siku, bila kusubiri kliniki. Waliopooza kabisa wana hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo Nairobi, iliyoanza mwaka 1944, lakini vitanda vyake ni vya nchi nzima, kwa hiyo kazi hii itafanywa zaidi na mke, mama au kaka, akielekezwa na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Huyo mhamasishaji afundishwe mambo haya matatu kwa vitendo. Ni siku moja ya mafunzo.

Na wewe unayesoma ukiwa na mgongo unaouma: ukianza kushindwa kukojoa, ukihisi ganzi sehemu za kukalia, au mguu ukilegea ndani ya siku chache, usimeze dawa nyingine na usingoje basi la kesho. Tafuta gari leo, ufike hospitali ya rufaa, na useme maneno hayo matatu kwanza kabla ya kutaja maumivu.